Kadi, Sauti na Mashine: Historia ya Bingo ya Hisani na Funzo Lake kwa Mfuko Wetu



Kijitabu chetu cha harambee hubeba kila mwaka makala moja ya historia. Safari hii tumekwenda mbali kidogo, mpaka Marekani, na sababu ipo. Wenzetu wanaoishi Texas wameleta pendekezo kuhusu ujenzi wa bweni la wasichana. Wanasema huko waliko makanisa, vyama vya askari wastaafu na vikosi vya zimamoto vya kujitolea hukusanya fedha kwa mchezo wa bingo, na kwamba siku hizi mchezo huo una vifaa vya elektroniki vinavyouharakisha na kuongeza mapato. Wameuliza kama na sisi tunaweza kuingia katika njia hiyo.

Pendekezo lilipofika kwenye kamati, maswali yalitoka pande tatu. Wazee waliuliza kama hiyo si kamari, maana kwetu kuna Waislamu, Walutheri na Wasabato, na hakuna upande unaopenda bweni la watoto lijengwe kwa fedha yenye mashaka. Vijana waliuliza hicho kifaa kinafanya kazi gani hasa. Mweka hazina aliuliza fedha inapita mikono ya nani kabla ya kufika kwenye mfuko. Tulipofuatilia tukakuta maswali hayohayo yamewashughulisha wabunge, mahakimu na wapiga kura wa Marekani kwa miongo mingi. Tumeona ni vema kila mwanachama aisome historia hiyo kabla ya mkutano mkuu kuamua.

MCHEZO WA MAHARAGE

Asili ya bingo ni michezo ya zamani ya bahati nasibu ya Ulaya. Jinsi ulivyoenea Marekani inasimuliwa hivi: mwaka 1929 mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea kutoka New York, Edwin Lowe, alikuta watu katika tamasha la mtaani huko Georgia wakicheza mchezo ulioitwa beano. Jina hilo lilitokana na maharage. Mtu alikuwa na kadi yenye namba, msimamizi alitoa namba moja moja na kuitangaza, na mwenye namba hiyo aliweka punje ya harage juu yake. Aliyekamilisha mstari alipiga kelele. Lowe aliupeleka mchezo huo New York, akachapisha kadi, na jina likageuka kuwa bingo.

Kadi ya Marekani ina safu tano za kushuka na mistari mitano ya kulala, jumla visanduku 25. Kisanduku cha katikati ni cha bure, hivyo zinabaki namba 24 kati ya namba 75 zinazoweza kutangazwa. Kila safu ina herufi yake: B ina namba 1 hadi 15, I ina 16 hadi 30, na kuendelea mpaka O inayoishia 75. Mtangazaji huokota mpira, huusoma kwa sauti, na ukumbi mzima husikia.

Makanisa yaliukamata mchezo huu mapema, hasa miaka ya 1930 wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka na sadaka zikapungua. Ukumbi wa parokia ulikuwepo tayari, kadi zilikuwa za bei nafuu, na waumini walipenda kukaa pamoja. Mtu aliyeshindwa aliondoka akijua kwamba senti zake zimekwenda kwenye paa la kanisa au shule ya watoto. Tena mchezo wenyewe ulikuwa wa polepole. Mpira mmoja, sauti moja, watu wote wanatazama, kwa hiyo hata angekuwepo mtu mwenye nia mbaya, macho yalikuwa mengi.

Tunauona mfano wake katika ndiva zetu. Maji ya ndiva yakifunguliwa asubuhi, zamu inajulikana, mzee wa mfereji yupo, na kila mwenye shamba anaona maji yanaelekea wapi. Ugomvi huanza pale maji yanapofunguliwa usiku.

SHERIA ZA KWANZA

Tatizo lilikuwa kwamba katiba za majimbo mengi zilikataza bahati nasibu ya aina yoyote. Kwa miaka mingi bingo ya kanisani ilichezwa huku polisi wakitazama pembeni. Hali hiyo haikuwapendeza watu waaminifu, na iliwapa nafasi matapeli waliojificha nyuma ya jina la hisani. Polepole majimbo yakaamua kuuruhusu mchezo kwa masharti. Wapiga kura wa New Jersey walifanya hivyo mwaka 1953, na wa New York mwaka 1957. California ilibadili katiba yake mwaka 1976. Wapiga kura wa Texas walikubali mwezi Novemba 1980, na mwaka 1981 bunge la jimbo hilo likatunga Sheria ya Kuwezesha Bingo.

Masharti yaliyowekwa yanafanana sana. California, kwa mfano, iliandika kwamba bingo iendeshwe na wanachama wa chama chenyewe, na kwamba ni kosa kwa mtu yeyote kujipatia faida au mshahara kutokana na mchezo huo, isipokuwa walinzi ambao wanaweza kulipwa. Mapato yakae katika mfuko wake maalumu bila kuchanganywa na fedha nyingine. Wachezaji wawepo ukumbini kwa miili yao.

Texas iliruhusu watu wa kila eneo kupiga kura zao wenyewe kama wanautaka mchezo au hawautaki. Iliweka ukomo wa zawadi: dola 750 kwa mchezo mmoja, na dola 2,500 kwa kikao kizima cha bingo ya kawaida. Kila chama chenye leseni kinapaswa kuwa na akaunti ya benki ya bingo, mapato yote yapite humo na malipo yote yatoke humo. Hata kodi anayotoza mwenye ukumbi imewekewa ukomo, kwa sababu watunga sheria walijua kuwa chama kinaweza kucheza mwaka mzima na faida yote ikaishia kwa mwenye jengo.

Ukizisoma sheria hizo utagundua kwamba hazikuhangaika sana na bahati. Bahati iliachwa ifanye kazi yake. Zilichokifuata ni fedha: nani anaishika, nani anaihesabu, na kiasi gani kinafika kwa yatima, kwa mgonjwa au kwa gari la zimamoto. Wazee wetu wana msemo wa jambo hili: mali bila daftari huisha bila habari.

KIFAA CHA MKONONI

Kompyuta zilipokuwa ndogo na rahisi, wafanyabiashara walileta ukumbini kifaa kidogo chenye kioo. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita kifaa cha kuangalizia kadi. Mtu wa kawaida anaweza kufuatilia kadi chache za karatasi kwa wakati mmoja. Kifaa kinaweza kuhifadhi kadi kwa makumi. Namba inapotangazwa, kifaa kinaitafuta katika kadi zote, kinaitia alama, na kinampa mchezaji ishara anapokaribia kushinda.

Faida yake ilionekana mara moja. Bibi mwenye macho hafifu au mikono inayotetemeka aliweza kucheza sawa na kijana. Vyama viliuza kadi nyingi zaidi kwa jioni moja. Lakini malalamiko nayo yakaja. Mwenye karatasi tatu alijiuliza anashindanaje na mwenye kadi makumi ndani ya kifaa. Na mwenye kampuni ya vifaa alitaka malipo yake, ambayo yalitoka kwenye mapato ya chama.

Wasimamizi wa sheria walikuwa na swali gumu zaidi. Kama kifaa kinaweza kutia alama, kesho kitaweza pia kuchagua namba. Keshokutwa kitapokea noti na kutoa zawadi. Hapo kitabaki na tofauti gani na mashine ya kamari ya kasino?

Texas ilijibu kwa kuchora mpaka ulio wazi. Sheria yake inaruhusu kifaa cha kuangalizia kadi, kisha inakikataza mambo matatu. Kifaa kisitumike kuzalisha au kuamua namba za mchezo. Kisiwe chombo cha kuwekea fedha au tokeni za kulipia mchezo. Kisitoe zawadi, iwe sarafu, noti au kitu kingine chenye thamani. Kwa maneno mengine, kifaa kikae upande wa mchezaji kama miwani. Mpira unabaki kwa mtangazaji, na fedha inabaki kwa keshia wa chama, mtu mwenye jina anayeweza kuulizwa.

Tunaomba wasomaji wayakumbuke makatazo hayo matatu, kwa sababu mahali ambapo hayakuandikwa mapema, mambo yalikwenda vingine.

YALIYOTOKEA ALABAMA

Alabama iko kusini mwa Marekani, na katiba yake ya mwaka 1901 ilipiga marufuku bahati nasibu. Kuanzia mwaka 1980 kaunti mbalimbali za jimbo hilo ziliomba na kupata marekebisho ya katiba, kila moja kwa ajili yake, yanayoruhusu bingo ya hisani. Baadhi ya marekebisho yalikuwa marefu na yenye masharti. Mengine yalikuwa mafupi mno, yakisema tu kwamba vyama visivyo vya faida vinaweza kuendesha bingo kwa malengo ya hisani na elimu, na kanuni zitungwe na sherifu wa kaunti.

Kaunti ya Macon ilipata marekebisho ya aina hiyo fupi. Hii ni kaunti yenye mji wa Tuskegee na chuo alichokianzisha Booker T. Washington, chuo ambacho sifa zake zilifika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1920, wakati Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka huku na kuzisifu shule za aina hiyo. Wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi, na kipato chao ni cha chini. Kaunti ya Greene, upande wa magharibi wa jimbo, iko katika hali hiyohiyo. Katika kaunti zote mbili kulikuwa na viwanja vya mbio za mbwa ambavyo biashara yake ilikuwa imefifia. Viwanja hivyo, VictoryLand huko Macon na Greenetrack huko Greene, viligeuzwa kuwa kumbi kubwa za kile kilichoitwa bingo ya elektroniki.

Ndani ya kumbi hizo hapakuwa na mtangazaji wa kumsikiliza. Mchezaji aliketi mbele ya mashine, akaingiza fedha, akabonyeza kitufe. Kompyuta ilichagua namba, ikazilinganisha na kadi, na jibu likatoka kwa sekunde chache. Picha za matunda na alama zilizunguka kwenye kioo kama katika mashine ya kasino, na kadi ya bingo ilionekana ndogo tu pembeni. Leseni zilikuwa kwa majina ya vyama vya hisani. Jengo, mashine na uendeshaji vilikuwa vya wafanyabiashara.

Ni haki kueleza pia upande wa wenyeji. Kumbi hizo zilitoa mamia ya ajira mahali ambapo ajira zilikuwa adimu, na fedha fulani ilifika kwenye shule, zimamoto na huduma za miji. Wananchi wengi walisema waliipigia kura bingo wakijua kabisa kuwa ni ya elektroniki, na kwamba wakubwa wa jimbo hawakuwa na haki ya kuwafasiria kura yao. Kauli hiyo haikuwa ya kupuuzwa, na mpaka leo wapo wanaoisema kwa uchungu.

Desemba 2008 Gavana Bob Riley aliunda kikosi kazi dhidi ya kamari haramu. Machi 2009 kikosi hicho kilivamia ukumbi wa White Hall, katika Kaunti ya Lowndes, na kuchukua mashine. Chama cha hisani chenye leseni kilikwenda mahakamani na kwanza kikashinda, lakini rufaa ikafika Mahakama ya Juu ya Alabama. Tarehe 13 Novemba 2009, katika kesi ya Barber dhidi ya Cornerstone Community Outreach, majaji wakaeleza bingo ni kitu gani.

Walitaja sifa sita. Kwanza, mchezaji awe na kadi moja au zaidi yenye safu tano na mistari mitano. Pili, namba zichaguliwe kwa bahati na kutangazwa moja baada ya nyingine. Tatu, mchezaji asikilize, na namba yake ikitajwa aitie alama yeye mwenyewe. Nne, iwezekane mchezaji asiyekuwa makini kupitwa na ushindi wake. Tano, mshindi atambue kuwa ameshinda na kutangaza kabla ya mwingine. Sita, mchezo uwe wa kundi, watu wakishindana kuwa wa kwanza.

Sifa hizo hazikuwa ngeni. Mtu yeyote aliyewahi kukaa ukumbini na punje za maharage angeweza kuzitaja. Lakini mashine za Alabama zilipopimwa kwa kipimo hicho zilishindwa, kwa sababu zilisikiliza, zikatia alama na zikashinda kwa niaba ya mtu, ambaye kazi yake ilibaki kubonyeza na kulipa.

Hukumu hiyo haikumaliza ugomvi. Mwaka 2010 muswada wa kuhalalisha kumbi hizo ulipita katika Seneti ya jimbo na kukwama upande wa pili wa bunge. Mwezi Oktoba mwaka huohuo watu kumi na mmoja, wakiwemo wabunge, washawishi na wafanyabiashara, walishtakiwa kwa madai ya rushwa kuhusu muswada huo. Watatu walikiri makosa kabla ya kesi kusikilizwa, na waliokwenda mbele ya baraza la wananchi mahakamani hawakutiwa hatiani. Februari 2013 serikali iliivamia VictoryLand na kuchukua mashine zaidi ya 1,600. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliamua tena kwamba neno bingo katika marekebisho ya Kaunti ya Macon lina maana ileile ya sifa sita. Mwaka 2022 ikaagiza mahakama za chini zitoe amri za kuzifunga kumbi za Macon na Lowndes.

Mwaka huohuo wa 2022 ikaja hukumu nyingine ambayo mweka hazina wetu aliisoma mara mbili. Greenetrack ilikuwa imedai kwamba haistahili kulipa kodi fulani kwa sababu michezo ilikuwa bingo ya vyama vya hisani. Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema michezo hiyo haikuwa bingo halali, na kampuni ikabaki na deni la takriban dola milioni 76 za kodi na riba kwa miaka ya 2004 hadi 2008.

Hebu tulitafakari deni hilo. Ni kodi na riba ya miaka mitano tu, katika kaunti maskini, kwa shughuli iliyokuwa imevaa jina la hisani. Anayetaka kujua fedha nyingi kiasi gani ilipita kwenye mashine zile anaweza kukisia mwenyewe.

CALIFORNIA YACHAGUA NJIA YA KATI

Katika Kaunti ya Sacramento, California, vyama vya hisani navyo viliweka mashine za bingo. Baadhi vilikuwa vyama vinavyoheshimika, vinavyohudumia watu wenye ulemavu, na vilitegemea mapato hayo. Lakini kulikuwa na upande mwingine wenye haki zake. Tangu mwaka 2000 katiba ya California iliruhusu makabila ya Wahindi Wekundu kuendesha mashine za kamari katika ardhi zao kwa mikataba na jimbo, na makabila yaliihesabu haki hiyo kuwa yao peke yao. Walisema mashine za Sacramento ni zilezile za kwao, ila zimebandikwa jina la bingo.

Mwaka 2008 mamlaka ya jimbo iliamuru mashine ziondolewe, vyama vikaenda mahakamani, na bunge likatunga sheria mpya mwaka huohuo. Sheria hiyo ilizikataza mashine za bingo ya elektroniki. Kisha ikaruhusu vifaa vya mkononi vya kuangalizia kadi, kwa sharti kwamba mchezaji mwenyewe aingize kila namba inayotangazwa. Ikaruhusu pia kumbi kadhaa kuunganishwa ili mtangazaji mmoja asikike na kuonekana kote kwa wakati mmoja, na vyama vidogo vigawane zawadi kubwa zaidi. Tena ukaanzishwa mfuko maalumu wa kuvipunguzia hasara vyama vilivyopoteza mapato ya mashine.

Jambo la kutazama hapa ni kwamba California haikuiogopa teknolojia. Iliikaribisha pale inapomsaidia mtu kusikia, kuona na kukumbuka. Iliizuia pale inapochukua nafasi ya mtu na kumwacha bila cha kushuhudia.

NA SISI HUKU NYUMBANI

Nchini kwetu michezo ya bahati ina sheria zake. Bahati Nasibu ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni na kusimamia. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 1966. Kwa hiyo hata bahati nasibu ndogo ya kuchangia shule si jambo la kuanzisha kienyeji bila kuuliza. Na sote tumeziona mashine zilizotapakaa hadi kwenye vijiwe na maduka ya vijijini, zile vijana wanaziita dubwi. Wazazi wa kwetu hawahitaji kwenda Alabama kujua kitufe kinavyoweza kumaliza fedha ya sare za shule.

Kuhusu pendekezo la wenzetu wa Texas, kamati inaleta maoni haya mbele ya mkutano mkuu. Chama chetu kisiombe leseni ya bingo wala kuingia ubia na mwenye ukumbi au mwenye vifaa. Mchezo wa Texas ni halali kwa wenye leseni, na hatumlaumu mwanachama anayekwenda kulisaidia kanisa la jirani yake huko. Lakini fedha ya bweni ni amana ya watu wa imani tofauti, na tusingependa mtoto wa mtu aambiwe kesho kuwa kitanda chake kina utata. Uamuzi wa mwisho ni wa mkutano.

Hata hivyo historia hii inatuhusu kwa jambo ambalo tayari liko mikononi mwetu. Harambee zetu nazo zimeingia katika vifaa. Zamani mchango ulitolewa uwanjani, jina likasomwa, kiasi kikatajwa, watu wakapiga makofi, na karani akaandika mbele ya wote. Leo zaidi ya nusu ya wachangiaji wanatuma kwa simu, kwa lipa namba, au kwa benki kutoka nje. Tunashukuru, kwa sababu bila simu ndugu wa Houston au Muscat asingeweza kushiriki msaragambo wa nyumbani. Ila simu nayo iwe kama miwani: imsaidie mchangiaji kufika, isichukue nafasi ya macho ya watu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza taratibu nne zianze na harambee ya mwaka huu.

Kwanza, namba ya kuchangia iwe kwa jina la chama, kamwe isiwe ya mtu binafsi, hata awe mwenyekiti. Pili, kila mchango unaoingia kwa simu usomwe kwa sauti siku ya harambee pamoja na ile ya mkononi, na orodha ibandikwe kwenye ofisi za kata. Asiyependa jina lake litajwe atasomwa kwa namba ya risiti, lakini kiasi kitasomwa. Tatu, fedha ya bweni ikae katika akaunti yake bila kuchanganywa na ya ofisi, na itoke kwa saini tatu, mojawapo ikiwa ya mwakilishi wa wazazi wa shule. Nne, mtu au kampuni yoyote inayotusaidia kukusanya, iwe ya ukumbi, ya muziki au ya mtandao, ilipwe kiasi kilichoandikwa mapema. Asilimia ya makusanyo asipewe mtu yeyote.

Taratibu hizi si ngeni. Ukizilinganisha na sheria za akina Texas na California utaona zinafanana, na ukizilinganisha na desturi za ndiva utaona zinafanana zaidi. Watu wa mbali walizifikia baada ya kesi za miaka mingi. Sisi tulizirithi, kazi yetu ni kutoziacha.

Bweni linasubiri. Kwa sasa wasichana wetu wanatembea mwendo mrefu kushuka na kupanda mlima alfajiri na jioni, na wengine wamepanga vyumba mtaani peke yao katika umri ambao hakuna mzazi angependa. Msingi umekwisha chimbwa kwa msaragambo, mawe yamesogezwa na kina mama na vijana kwa mikono yao. Kilichobaki ni saruji, nondo, mabati na mafundi.

Karibuni tuchangie. Njoo na ulichonacho, kidogo au kikubwa, njoo na swali lako pia, kisha ukae usikilize jina lako likisomwa. Usipolisikia, simama uulize. Hiyo ni haki yako, na mchangiaji anayeuliza anaulinda mfuko wetu kuliko kufuli.

Mungu awabariki nyote, na atujalie kuonana uwanjani.